Nukta Nyekundu Juu ya Bastola ya Zamani

Mtu aliyenunua bastola yake angali kijana, akaitunza kwa mafuta na kitambaa, akaizoea hata mkono wake ukaijua bila ya jicho kuuamrisha, hufika siku akatambua kwamba chuma hakikubadilika ila jicho ndilo lililobadilika: kilengeo cha mbele, ambacho zamani kilisimama wazi na wembamba wake, sasa kimekuwa kivuli chenye ukungu, na kila anapojitahidi kukiona sawasawa shabaha nayo humpotea. Hali hii huwafika wengi wakishavuka miaka arobaini, kwa kuwa lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri na kushindwa kujikunja kwa ajili ya kitu kilicho karibu, na kilengeo cha mbele cha bastola kiko karibu mno, hakizidi urefu wa mkono. Ndipo wengi wanapouliza kama bastola yao ya zamani, ambayo hawataki kuiacha, yaweza kufungwa kilengeo cha nukta nyekundu kama zile mpya wanazoziona madukani.

Jawabu ni kwamba aghalabu yaweza, walakini si kila iwezekanalo hufaa. Wazo lenyewe si geni: Sir Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini wa Dublin, alipata hataza ya kilengeo chenye kurudisha nuru mnamo mwaka 1900, na kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha umeme mwaka 1975. Lakini muda mrefu ulipita kabla vyombo hivi havijawa vidogo na vigumu kiasi cha kustahimili kukaa juu ya slaidi, kile chuma cha juu cha bastola kiendacho nyuma na mbele kwa kishindo kila risasi inapotoka. Kampuni ya Trijicon ilileta kilengeo chake kidogo kiitwacho RMR mwaka 2009, na kampuni ya bastola ya Glock ikaanza mwaka 2015 kuuza bastola zake za MOS, ambazo slaidi zake zimekwisha kuchongwa kiwandani tayari kupokea kilengeo. Bastola zilizotangulia wakati huo, isipokuwa chache, hazikuandaliwa kwa jambo hili, na mwenye nayo sharti aitafutie njia. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na shauri lake kubwa ni moja: chuma kikishakatwa hakirudi, basi anza na lile liwezalo kutenguliwa, na lisilotenguka liwe la mwisho.

Kazi ya nukta, na mpaka wake

Kilengeo cha chuma humdai mpigaji atazame vitu vitatu kwa pamoja, yaani kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na shabaha yenyewe, ilhali jicho la mwanadamu, hata liwe jema namna gani, haliwezi kuona kwa uwazi mbali na karibu kwa wakati mmoja. Ndani ya kilengeo cha nukta mna taa ndogo sana itoayo nuru nyekundu, na mbele yake kioo kilichopindwa na kupakwa utando wenye kuirudisha nuru hiyo kwenye jicho na kuziachilia nuru nyingine zipite. Nuru ile hurudi ikiwa imenyooshwa, miali yake yote sambamba, hata jicho likaiona nukta kana kwamba iko kule kule iliko shabaha. Basi mpigaji huitazama shabaha tu, na nukta humjia juu yake. Kwa mtu ambaye karibu kumemtia kiza lakini mbali bado anaona vyema, faida hii ni kubwa kupita kiasi.

Hata hivyo nukta haimfundishi mtu kuvuta kifyatulio. Mkono unaotikisika utaiona nukta ikitikisika, na mwenye kukurupuka na kifyatulio ataendelea kukurupuka. Tofauti ni kwamba sasa ataona waziwazi kosa ambalo zamani lilijificha. Aidha wako watu ambao macho yao yana kasoro ya mpindo iitwayo astigmatizimu, nao huiona nukta si duara bali mkia wa nuru, au nyota yenye miba, au nukta mbili zilizoshikana. Kabla hujatoa senti moja, nenda dukani uombe kushika kilengeo cha namna hiyo, uitazame nukta, kisha uipige picha kwa simu yako: iwapo katika picha ni duara safi na kwa jicho lako ni mkia, kasoro si ya kilengeo. Hapo jaribu kupunguza mng'ao, jaribu miwani yako ya mbali, jaribu na vilengeo vyenye nukta ya kijani, kwani baadhi ya macho hupatana nayo zaidi. Na yote yakishindikana, kilengeo cha mbele cha chuma chenye rangi kali huenda kikakufaa kwa gharama ndogo.

Kwanza ihukumu bastola

Wengi huanza kwa kuchagua kilengeo, na huko ni kuanza mwisho. Lichukue kwanza jambo la thamani. Bastola ya Colt M1911 iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani wakati wa vita kuu, au Browning Hi-Power ya mwaka 1935 na baada yake, hususan zile zenye mihuri ya Wajerumani zilizotoka kiwandani Ubelgiji wakati nchi hiyo imekaliwa, ni amana za historia; kuichonga slaidi ya bastola kama hiyo ni kuiondolea katika saa moja thamani iliyojengwa kwa miongo mingi, na hakuna fundi wala rangi itakayoirudisha. Kinyume chake, Glock 17 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1990, imetengenezwa kwa wingi mno, vipuri vyake vimejaa kila mahali, na kuichonga si hasara ya mtu yeyote ila mwenyewe akiikosea. Ukiwa na shaka, mwoneshe mjuzi wa silaha za kale kabla hujamwonesha fundi wa kuchonga.

Pili, itazame afya yake. Safisha slaidi, iweke chini ya taa kali, uangalie kama kuna ufa pembezoni mwa dirisha la kutolea maganda na penye pembe za ndani. Badilisha kamani ya kurudishia slaidi kama imechoka. Kisha uende uwanja wa shabaha, uegemeze mikono juu ya mfuko wa mchanga, upige risasi tano kwa umbali wa mita 25, na karatasi hiyo uiandike tarehe na kuihifadhi. Kilengeo kipya hakiponyi mtutu uliochakaa, na karatasi hii ndiyo itakayokuwa shahidi wako hapo baadaye.

Tatu, lijue umbo la ndani, maana chini ya kilengeo cha nyuma hapako patupu. Katika bastola za M&P za Smith & Wesson, kilengeo cha nyuma ndicho kinachoshikilia kamani ndogo ya kizuizi cha pini ipigayo fataki; mwenye kukisukuma nje bila ya kulijua hilo ataona kifuniko na kamani vikiruka, na huenda akashinda kutwa nzima akivitafuta chini ya meza. Katika Beretta 92FS, kizuizi cha pini hujitokeza juu ya slaidi mbele tu ya kilengeo cha nyuma, na nyuma yake kimelazwa kifungo cha usalama chenye kupita upande hadi upande, kwa hiyo chuma cha kuchonga ni kidogo na kazi hudai fundi aijuaye bastola hiyo hasa. M1911 ina chuma kinene zaidi hapo mahali, nayo humpa fundi nafasi, mradi asifike kwenye tundu la pini. Hi-Power ni nyembamba, na wembamba huo ni sababu nyingine ya kuiacha kama ilivyo.

Njia nne

Njia ya kwanza ni ya bamba. Kilengeo cha nyuma huondolewa, na katika mfuo wake, ambao ni mpana chini kuliko juu, huingizwa bamba la chuma lenye matundu ya kupokea kilengeo cha nukta. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachokatwa: siku ukichoka, unalitoa bamba na kukirudisha kilengeo cha zamani. Ubaya wake ni kwamba nukta hukaa juu sana, mpigaji hulazimika kuitafuta, na bamba zima hutegemea mfuo ule mmoja, hata kwa mishindo mingi likaweza kulegea. Kwa mtu anayetaka kujua kama nukta itamfaa, njia hii ndiyo mlango wa heshima. Kwa bastola ya kujilinda, ambayo maisha ya mtu yaweza kuitegemea, isiwe makazi ya kudumu.

Njia ya pili ni ya bastola ambazo sehemu yake ya juu haiendi. Ruger za risasi ndogo ya .22, ambazo aina yake ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1949, zina kizibo kinachocheza ndani ya bomba lililotulia, kwa hiyo kilengeo kilichofungwa juu ya bomba hilo hakipati mishtuko ya slaidi; na nyingi za Mark III na Mark IV zenye kilengeo cha kurekebishika hutoka kiwandani na matundu yenye hesi tayari. Kadhalika revolva nyingi za Smith & Wesson zenye kilengeo cha kurekebishika, zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990, zina matundu yaliyofichwa chini ya kilengeo cha nyuma: unakifungua, unafunga reli, na juu yake nukta. Mwenye mojawapo ya hizi ana bahati, na asihangaike na mengine.

Njia ya tatu ni kununua slaidi nyingine iliyokwisha kuchongwa, na ile ya asili kuifunga katika kitambaa chenye mafuta na kuiweka kabatini. Kwa Glock za zamani jambo hili ni jepesi, kwa kuwa watengenezaji wa slaidi za namna hiyo ni wengi. Kwa bastola adimu huwa ghali au haliko kabisa. Angalia tu kwamba slaidi ngeni ipatane na mtutu wako, na umwombe fundi apime kufunga kwake kabla hujapiga.

Njia ya nne ndiyo ya kuchonga slaidi yenyewe kwa mashine, fundi akalichimba shimo lenye umbo la kitako cha kilengeo, akaacha vijino vya chuma vya kukizuia kisisogee, akatoboa matundu na kuyatia hesi. Kwa uimara haina mfano, kwa kuwa nukta hukaa chini, mishindo hupokewa na kuta za shimo badala ya skrubu peke yake, na kilengeo huonekana kama kimezaliwa na bastola. Lakini ni safari isiyo na marejeo. Fauka ya hayo, slaidi za Glock zimefanywa ngumu juu ya uso wake, na palipochongwa hubaki chuma kitupu ambacho hakina kinga. Asiyepaka rangi mpya hapo, hususan aishiye penye unyevu na upepo wa bahari, atakuta kutu kabla ya mwezi kuisha. Huko Marekani, ambako ndiko kazi hii imeenea zaidi, gharama ya kuchonga aghalabu huwa kati ya dola 100 na 250, na rangi huhesabiwa mbali.

Kuchagua kilengeo

Tambua kwamba vitako vya vilengeo havifanani. Kuna umbo la RMR, ambalo watengenezaji wengi wengine wamelifuata, Holosun 507C ikiwa mojawapo. Kuna umbo la DeltaPoint Pro la Leupold. Kuna umbo dogo la Shield kwa bastola nyembamba. Kuna la Docter, na la ACRO ya Aimpoint. Slaidi iliyochongwa kwa umbo moja haipokei jingine bila ya bamba la kati, kwa hiyo chagua kilengeo kwanza ndipo fundi aanze, tena upime upana wa slaidi yako, usije ukanunua kilengeo kinachoning'inia pande zote mbili. Kwa mwenye bastola ya kawaida asiye na sababu nyingine, umbo la RMR ndilo lenye busara, kwa kuwa akitaka kubadilisha kilengeo kesho atapata vingi vitakavyoingia shimo lile lile.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa dakika za pembe, ambapo dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwa umbali wa mita 100 hufunika sentimita 2.9 hivi. Nukta ya dakika 6 kwa mita 25 hufunika sentimita 4.4 takriban, na ile ya dakika 3.25 hufunika sentimita 2.4. Iliyo kubwa huonekana upesi na hulifaa jicho la mzee. Iliyo ndogo humfaa anayelenga mbali kwa utulivu.

Kisha kuna vilivyo wazi na vilivyofungwa. Vilivyo wazi, kama RMR, ni vyepesi, gramu 34 hivi pamoja na betri, lakini tone la maji au uzi wa nguo ukikaa juu ya ile taa ndogo, nukta hupotea au huvunjika. Vilivyofungwa, kama ACRO iliyotolewa mwaka 2019, vina vioo mbele na nyuma, nuru yao haifikiwi na vumbi, ila ni vizito zaidi. Uulize pia betri inaingia wapi: katika RMR ya kawaida betri iko chini, hivyo kila kuibadilisha ni kukifungua kilengeo na kuhakiki upya shabaha, ilhali 507C ina droo ndogo ubavuni.

Sheria na fundi

Jambo la sheria lisiachwe nyuma, maana hutofautiana sana baina ya nchi na nchi. Katika sheria ya shirikisho ya Marekani, silaha ni ile fremu yenye namba, na slaidi ni kipuri tu. Lakini fundi afanyaye kazi ya kutengeneza silaha sharti awe na leseni, na akibaki na bastola yako usiku aiandike katika daftari lake, na iwapo utampelekea slaidi peke yake, mambo huwa mepesi zaidi. Majimbo nayo yana kanuni zao, basi uliza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya slaidi yenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya msingi ya silaha, hainunuliwi holela. Kwa aliye na leseni Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, au Tanzania, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, shauri langu ni kwamba asimkabidhi mtu yeyote bastola yake wala asiagize slaidi kutoka nje kabla ya kuuliza ofisi iliyompa leseni na kupata idhini kwa maandishi. Kumwachia silaha mtu asiyeruhusiwa ni kosa hata kama nia ilikuwa njema.

Fundi umchague kwa kazi, si kwa maneno. Mwombe akuoneshe slaidi ya bastola kama yako aliyoichonga, uingize kilengeo ndani yake bila ya skrubu, ukitikise kwa kidole: kikicheza kushoto na kulia, nenda kwa mwingine.

Siku ya kufunga

Toa magazini, vuta slaidi nyuma, itazame chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole, kisha uondoe risasi zote katika chumba unachofanyia kazi. Haya yafanywe hata na aliyefanya hivyo dakika tano zilizopita.

Safisha matundu na skrubu kwa spiriti, kwa kuwa gundi ya skrubu haishiki penye mafuta. Weka kilengeo mahali pake kikavu, ukaze skrubu kwa vidole tu, uangalie kama kitako kimelala sawa pande zote. Mwanga ukipenya chini yake, kuna uchafu au shimo halikuchongwa vizuri. Kwa RMR ya kawaida, usisahau kile kibamba chembamba cha kuziba chini, kwa kuwa ndicho kinachoilinda betri na unyevu.

Hapa pana jambo dogo lililowatesa wengi. Katika Glock, upande wa kulia wa slaidi, hupita mfereji mwembamba wenye kamani na fimbo ya kuisukuma ndoana inayotoa maganda. Skrubu ya upande huo ikiwa ndefu kidogo tu kuliko inavyotakiwa, ncha yake hupenya mferejini na kuibana fimbo ile, na bastola iliyofanya kazi miaka ishirini bila ya kukwama huanza ghafla kushindwa kutoa maganda. Basi baada ya kukaza kwa majaribio, isukume ndoana kwa kidole uone kama inacheza kama zamani; ikiwa imekuwa ngumu, skrubu ifupishwe, na usitie gundi mpaka neno hilo limekwisha.

Ukisha kuridhika, fungua tena, tia tone dogo la gundi ya buluu, kama Loctite 243, juu ya hesi za skrubu na si ndani ya tundu, ukaze skrubu zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, kwa bisibisi yenye kipimo. Trijicon huagiza pauni-inchi 12 kwa RMR, yaani nyutoni-mita 1.4 hivi, watengenezaji wengine wana vipimo vyao, na kitabu kilichokuja na kilengeo ndicho hakimu. Mkono usio na kipimo hukaza kupita kiasi, na hesi ndogo kama hizi hukatika kimyakimya. Mwisho chora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba unaotoka juu ya kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo, ili skrubu ikizunguka hata kidogo mstari uvunjike na jicho lione. Kisha uiache bastola saa 24 gundi ikauke.

Kwa kuwa nukta ni chombo cha umeme na umeme huweza kukosa, funga pia vilengeo vya chuma virefu vinavyoonekana kupitia kile kioo. Na ala ya zamani ya bastola haitaingia tena. Tafuta iliyokatwa juu kwa ajili ya kilengeo, wala usiichane ile ya zamani kwa kisu, maana hushika vibaya.

Uwanjani

Anza kwa mita 10, ili kila risasi iingie kwenye karatasi, kisha uende 25. Piga tano juu ya mfuko wa mchanga, utafute katikati ya kundi, usihangaike na risasi moja iliyopotea. Ikiwa kidude cha kurekebisha husogeza dakika moja kwa kila mlio, mlio mmoja kwa mita 25 ni milimita 7 na kitu. Basi kundi likiwa chini ya shabaha kwa sentimita 7, panda milio 10, upige tena tano. Nukta ikikaa sawa, piga risasi hamsini zaidi bila ya kugusa kitu, uitazame mistari myeupe, urudie kundi la mwisho: mistari ikiwa mizima na kundi liko palepale, kazi ni salama. Angalia pia maganda yanavyoruka. Kilengeo kimeongeza uzito juu ya slaidi, na bastola ya zamani yenye kamani nzito au risasi dhaifu yaweza kuanza kurudi kwa uvivu. Ikiwa hivyo, fundi akuchagulie kamani inayopatana na uzito huo mpya.

Mwezi wa kwanza wengi hulalamika kwamba nukta haionekani, na mara nyingi iko juu ya kioo, kwa sababu mdomo wa bastola umenyanyuka. Tiba yake hufanywa nyumbani na bastola tupu iliyohakikishwa kuwa tupu: tazama alama ndogo ukutani upande ulio salama, inua bastola kana kwamba unatafuta kilengeo cha mbele cha chuma, na nukta itakuja yenyewe. Funika kioo cha mbele kwa utepe, ufumbue macho yote mawili. Jicho moja litaona nukta, la pili litaona shabaha, na akili itaviunganisha, na hapo ndipo utakapojifunza kwa dhati kutazama shabaha badala ya kuikodolea macho nukta. Dakika kumi kila siku hushinda alasiri nzima mara moja kwa mwezi.

Betri ibadilishwe kila mwaka kwa siku usiyoweza kuisahau, kama ile ya kwanza ya mwaka, hata kama bado inawaka. Kioo kisafishwe kwa brashi laini na kitambaa cha miwani, wala dawa ya kusafishia mtutu isikiguse, kwani huula ule utando.

Na sasa ile karatasi ya risasi tano uliyoihifadhi itatoa ushahidi wake. Baada ya miezi miwili au mitatu ya mazoezi, piga karatasi nyingine kwa masharti yale yale, umbali ule ule na risasi za aina ile ile, uziweke mbili kando kwa kando. Nukta ikiwa imelikusanya kundi lako, na ukaona kwamba mkono huifikia bila ya kuitafuta, basi aliyeanza kwa bamba ana haki ya kwenda kwa fundi na kuichonga slaidi yake kwa moyo mkunjufu. Na kama karatasi mbili hazitofautiani, litoe bamba, kirudishe kilengeo chako cha chuma, uiuze nukta kwa mwenye kuihitaji. Bastola yako itakuwa nzima kama ulivyoinunua, nawe utakuwa umepata maarifa kwa gharama ya bamba moja, ambapo mwenzio aliyekimbilia mashine kabla ya kujua hana njia ya kurudi.